Mchongoma na Aje Anywe Magongo

Mwaka ule wa arubaini na nane mangwe za kunywea tembo la mnazi zilikuwa nyingi Changamwe, na kila moja ilikuwa na sifa yake. Kuna iliyosifiwa kwa tembo kali, kuna iliyosifiwa kwa samaki wa kukaanga, na kuna iliyosifiwa kwa sura ya mwenye nyumba. Kwa Kafedha binti Gona, pale Magongo, sifa ilikuwa gazeti. Tembo lake lilikuwa tembo kama la watu wengine: ukinywa unalewa, usipokunywa unakaa vilevile ulivyokuja. Sura yake nayo ilikuwa ya kawaida, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukwambia. Lakini gazeti la juma likishavuka Makupa kutoka kisiwani, wapagazi wa bandari na mafundi wa reli walizipita mangwe zote za njiani, wakaenda kukaa kwake kwenye vigoda, mirija mkononi, wakamngoja afungue ukurasa wa kwanza.

Kafedha alisoma kwa sauti, tena alisoma kila kitu. Habari za Ulaya alizisoma haraka kama mtu anayepita karibu na mbwa. Bei ya kopra aliisoma polepole. Tangazo la sabuni alilisoma kwa dharau. Mtu akimkatiza, alikunja gazeti, akamtazama, na wenzake walimnyamazisha wenyewe.

Kusoma alijifunzia misheni alipokuwa msichana, akafika mahali pa kusoma kitabu kizima bila kidole kufuata mstari. Hapo baba yake, mzee Gona, akaona inatosha, akamtoa na kumwoza Randu, fundi wa reli. Randu alikuwa mtu mwema mpaka siku alipopata kazi ya muda huko Voi. Alikwenda kutazama treni, treni ikamtazama, wakapendana, hajarudi mpaka leo. Kafedha hakulia sana. Alikuwa na ndugu yake Kitsao, mgema, na alikuwa na kusoma kwake. Kitsao alipanda minazi asubuhi na jioni akashusha tembo. Kafedha alikaa chini akaliuza, akasoma. Maisha yakaenda.

Sasa, katika gazeti lile ukurasa wa tatu, alikuwako mwandishi mmoja aliyejiita Mchongoma. Jina lake halisi hakuna aliyelijua. Mchongoma aliandika juu ya maofisa waliokuja kila mwaka kupima mahali pa kuchimba kisima, wakapima, wakanywa madafu, wakaondoka. Aliandika juu ya hedmani, wakubwa wa mitaa wa serikali, ambao matumbo yao yaliwahi kufika barazani kabla yao. Siku moja akaandika juu ya wanawake wauza tembo. Aliandika jinsi povu linavyokaa kwenye mdomo wa kibuyu alfajiri, na jinsi harufu ile inavyomfuata mwenye kibuyu njia nzima kama mtoto anayetaka kubebwa. Akasema wanawake hawa wamewasomesha watoto wengi kuliko kamati yoyote yenye muhuri.

Makala ile Kafedha aliisoma mpaka gazeti likakatika kwenye mkunjo.

"Mtu aliyeandika haya," aliwaambia wateja wake, "amekunywa tembo akashiba. Haya si maneno ya mtu wa kuhadithiwa."

Hakuna aliyebisha. Nani atabisha na mwenye kibuyu?

Basi Ijumaa moja gazeti likatoa tangazo. Kafedha akalisoma, kisha akalirudia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa habari za vita. Gazeti lilikuwa likiwauliza wasomaji: ni mwandishi gani wa ukurasa wetu ungependa kukaa naye mpate kinywaji pamoja, na kwa nini? Atakayeandika barua nzuri kupita zote, barua yake itachapishwa, na mwandishi huyo ataletwa anywe naye.

Mangwe nzima ikachemka.

"Mimi," akasema Katana, aliyerudi vitani Burma na goti moja lisilokunjika, "namtaka yule anayeandika hadithi ya mwindaji kila Ijumaa. Namkalisha hapa. Nampa kibuyu kizima peke yake. Akishalegea namwuliza: bwana, yule binti ulimwulia nini?"

"Alikufa kwa homa," akasema Karisa, mpagazi wa bandari, mtu mrefu mwenye sauti ndogo.

"Homa! Ijumaa ile alikuwa akicheza ngoma ya sengenya. Mtu hachezi sengenya Ijumaa hii, Ijumaa ya pili akafa kwa homa. Pale kuna mkono wa mwandishi. Hakumpenda tangu mwanzo."

"Mimi," Karisa akasema, "namtaka yule mshairi wa ukurasa wa mwisho."

"Yule kazi yake kutukana watu."

"Ndiyo maana namtaka. Nina shemeji. Nataka atukanwe kwa vina, asipate pa kujibia."

Wakacheka. Katana akageuka kwa Kafedha. "Na wewe, dada? Ingawa hata kibuyu hiki kinajua utasema nani."

"Mkijua mnaniulizia nini?" Kafedha akasema, na usiku haujaingia alikuwa ameshapata karatasi.

Barua aliiandika hivi. "Bwana Mhariri, salamu. Mimi ni Kafedha binti Gona, muuza tembo wa Magongo. Mwandishi ninayemtaka ni Mchongoma. Na aje hapa kwangu, akae kwenye kigoda kama watu, anywe tembo la ndugu yangu, mimi nikionja kwanza. Sina la kumwuliza. Amesema miaka yote hii, mimi nikamsikiliza. Sasa nataka anisikilize yeye, na mtu hasikilizi vizuri koo likiwa kavu."

Akaisoma mara moja, hakufuta neno, akaituma.

Ijumaa ilipofika, Kafedha akafungua gazeti mbele ya watu wote, na lo, jina lake! Mangwe ikapiga vigelegele vya kiume, ambavyo ni vibaya sana kusikia. Kafedha akainua mkono, wakanyamaza. Akaanza kusoma kwa kujidai, kidevu juu.

"Mimi ni Bi. Kafedha, mkaaji wa Changamwe. Ningefurahi kupata kikombe cha chai pamoja na Bwana Mchongoma, mahali pa heshima, ili nifaidike na nasaha zake..."

Sauti ikapungua. Akaendelea kusoma kwa macho tu, midomo imefungwa, mpaka mwisho. Watu wakangoja.

"Dada," Katana akasema taratibu, "wewe na chai mlipatana lini?"

Kafedha akaliinamia gazeti. Alikuwa akitafuta jina la mtu mwingine chini ya barua ile, na kila akitazama alikuta lake.

Siku ya pili yake msaidizi wa mhariri akaja mwenyewe kwa baiskeli. Jina lake Bwana Barakat, kijana wa nyumba ya wafanyabiashara wa kisiwani, koti juu ya kanzu, kalamu mbili mfukoni kama mtu anayehofia moja itamsaliti. Akakaribishwa kigoda. Akakitazama, akasema atasimama.

"Bi. Kafedha, hongera. Barua yako imezishinda zote."

"Ipi, bwana? Yangu au ile mliyochapisha?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Tumeinyoosha kidogo tu."

"Ilikuwa imepinda wapi?"

Barakat akakohoa. "Elewa, bibi. Sherehe itakuwa Jumamosi ijayo alasiri, ukumbi wa wafanyakazi hapa Changamwe. Kutakuwa na hedmani, Bwana Nguma. Kutakuwa na bibi wa Kizungu wa kamati ya ustawi. Hatuwezi kutaja tembo mbele yake."

"Mbona Mchongoma alilitaja? Tena kwa sifa."

"Yule ni mwandishi."

"Na barua yangu iliandikwa na nani? Mbuzi?"

Kitsao, aliyekuwa akinoa kotama yake pembeni, akacheka mpaka akajikata kidole. Barakat hakucheka. Akasema, kwa upole wa mtu anayefunga mlango polepole ili usipige kelele, kwamba Kafedha atasoma ukumbini barua kama ilivyochapishwa, atapokea kikombe chake cha chai, watapigwa picha. Kama hataki, hakuna wa kumlazimisha. Barua ya pili kwa uzuri ilikuwa ya Mwalimu Florence wa Kisauni, aliyetaka kunywa sharubati na mtunga nyimbo za kanisa. Atachukua nafasi kwa furaha.

"Na Mchongoma?"

"Mchongoma haji kwa sharubati ya mtu mwingine. Hutamwona." Akashika baiskeli yake. "Na hedmani amesema nikukumbushe kwamba kibali chako cha kuuza kinapitia mezani kwake."

Alipokwenda, Kafedha akaanza kusuuza vibuyu. Kitsao akanyonya kidole chake.

"Dada, chai si sumu. Inywe. Meza, kisha utazame uso wake. Si ndiye uliyemtaka?"

"Ndiye."

"Basi?"

"Basi nikinywa chai, atakuwa amekuja kumtembelea mwanamke mwingine. Huyo Bi. Kafedha wa nasaha mimi simjui. Anaweza kuwa mchawi."

Hata hivyo Jumamosi alikwenda. Alimtaka mno mtu yule, na asingekwenda angejiuliza maisha yake yote. Alivaa leso mpya, akajipaka mafuta, akachukua kikapu chake akakifunika kwa kitambaa safi. Kitsao alimsindikiza mpaka mlangoni, akabaki nje kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, viti vya ndani vilikuwa na migongo na yeye hakuamini kiti kinachomshika mtu kwa nyuma.

Ukumbi ulikuwa umepangwa. Meza ya mbele ilikuwa na birika, vikombe vyenye maua na biskuti zilizopangwa mviringo. Bibi wa Kizungu alikaa katikati, hedmani Nguma kulia kwake, tumbo limetangulia. Na mwisho wa meza alikaa kijana mwembamba mwenye kofia ya viua, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, akitazama viatu vyake kana kwamba ameviazima.

"Mchongoma yuko wapi?" Kafedha akanong'ona.

"Ndiye huyo," Barakat akasema. "Bwana Yeslam, wa Kisauni."

Kafedha alikuwa amemwazia mtu wa miraba minne, mwenye kicheko cha kutikisa bati. Akamtazama kijana yule tena. Haya, akasema moyoni, hata mchongoma wenyewe si mti mkubwa.

Barakat akampa gazeti lililokunjwa penye barua. Kafedha akalipokea kwa mikono miwili, akalilaza mezani, akaanza kusema barua yake ya kweli, bila kutazama popote ila usoni mwa Yeslam. Mimi ni Kafedha binti Gona, muuza tembo wa Magongo. Kwenye neno tembo kiti kimoja kikalia. Aliposema na aje hapa kwangu, Barakat alikuwa ameshasimama. Aliposema koo likiwa kavu, nyuma ya ukumbi mtu akapiga makofi peke yake, akaacha. Alikuwa Katana, goti lile lilimchelewesha kukaa, kila mtu akamwona.

Bibi wa Kizungu akainama kwa hedmani kuuliza mama huyu anasema nini.

"Anasema anashukuru sana," Nguma akamtafsiria, jasho linamtiririka. Bibi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Kafedha akafunua kikapu chake, akatoa kibuyu kidogo na mrija. Akafyonza yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, kama ilivyo ada. Kwao mwenye kukaribisha huonja ili mgeni ajue hapewi sumu, na akishaonja husema alichokipata ulimini.

"Kali," akasema. "La jana jioni." Akamnyoshea Yeslam kibuyu.

Yeslam hakunyosha mkono. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mama, nisamehe," akasema, sauti yake ndogo kuliko kalamu yake. "Mimi ni Mwislamu. Sinywi. Sijanywa hata siku moja, wallahi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata birika lilionekana kucheka. Na Kafedha, ambaye alikuwa tayari kwa kila kitu, kwa hedmani, kwa Barakat, kwa kunyang'anywa kibali, hakuwa tayari kwa hilo. Kofia ile ya Kiislamu ilikuwa mbele ya macho yake tangu alipoingia, naye hakuiona.

"Na ile makala ya tembo?" akauliza. "Povu la alfajiri? Harufu ya njiani?"

"Mamangu alikuwa akinituma kwa wagema nikiwa mdogo, nilete tembo la kuumulia mahamri. Nilikuwa nikinusa njia nzima."

Kafedha akamtazama. "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikisoma pua, nikidhani ni koo."

Safari hii Yeslam ndiye aliyecheka, kidogo, halafu akakatiza kicheko na kumtazama Barakat kuona kama kimeruhusiwa. Jicho lile la pembeni lilimwuma Kafedha kuliko kicheko cha ukumbi mzima. Barakat naye akaona upenyo. Akamimina chai haraka, akasukuma kikombe kimoja kwa Yeslam, kingine kwa Kafedha. "Basi mambo yamejitengeneza yenyewe! Chai kwa wote. Mpiga picha, sogea."

Kikombe kilikuwa mbele yake, kinafuka moshi. Mchongoma alikuwa hatua chache kutoka kwake. Angeweza.

"Bwana Yeslam," Kafedha akasema, "kabla ya leo uliambiwa niliandika nini?"

"Chai."

"Na sasa umesikia."

"Nimesikia, mama."

"Basi sikia na hili. Tembo halizaliwi kali. Likishuka mtini asubuhi ni tamu, watoto wanapewa, na kwenu wazee wanajua halina ulevi. Ndugu yangu hushuka jua halijapata nguvu. Kesho njoo Magongo ukae kwenye kigoda. Ukichelewa litageuka, na hapo mimi sina amri nalo."

"Mchongoma hakanyagi mangweni," Barakat akasema. "Jina lile ni mali ya gazeti."

"Jina lichukueni. Miguu ni yake."

Akakirudisha kibuyu kikapuni, akatengeneza leso, akatoka. Chai yake ikabaki inapoa mbele ya kiti kitupu, na picha ikapigwa hivyo hivyo.

Jumapili, Kitsao alikuwa amekisuuza kibuyu kwa maji ya moto tangu jana, kisibaki na masimbi, mashapo ya zamani ya kuchachusha. Alishuka mnazini ukungu ukiwa bado chini. Kafedha akaonja: tamu, laini, halina hata mkwaruzo. Akakifukia kibuyu nusu kwenye mchanga wa kivulini, akaziba mdomo wake kwa majani, akakaa kukitazama kama mtu anayechunga kuku mmoja.

Katana na Karisa walikuwa wameshafika, ingawa saa za kuuza zilikuwa mbali.

"Hatukuja kunywa," Katana akasema. "Tumekuja kumwona asipokuja."

"Atakuja," Kafedha akasema.

"Dada, mtu anayeomba ruhusa ya kucheka! Kisauni ni mbali. Avuke aingie kisiwani, akipitie kisiwa chote, avuke Makupa, apande mpaka hapa. Akiandika safari hiyo itakuwa makala nzuri. Kuitembea ni habari nyingine."

"Bora yule mshairi wangu," Karisa akasema. "Asingekuja, lakini angetukana kwa nini hakuja."

Kafedha akakaza majani kwenye mdomo wa kibuyu. Ukungu ukaisha. Kivuli kikasogea, naye akasogeza kibuyu kikifuata. Watu wa kanisani wakapita wakienda, na si muda mrefu wakaanza kupita wakirudi. Kitsao akapanda tena kuyafunga makarara ya mnazi, akashuka, akasema huko juu hajaona kofia yoyote njiani.

Yeslam alipotokea, alitokea nyuma ya nyumba, si njiani. Kanzu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Hodi, mama. Nimechelewa. Bwana Barakat alikuja nyumbani alfajiri, akakaa mlangoni akinishauri. Ikabidi nipite kwa jirani."

"Amekushauri nini?"

"Mengi. Nitakwambia." Akakiona kigoda, akakaa bila kukitazama mara mbili. "Bado tamu?"

Kafedha akafukua kibuyu. Akaondoa majani, akachovya mrija, akafyonza. Kisha akakaa na tembo lile kinywani muda mrefu kuliko kawaida.

Lilikuwa limeuma, limeanza kuchacha. Kidogo sana, kama sindano iliyochoka, pale kwenye ncha ya ulimi. Mlevi asingelitambua. Na kijana yule, ambaye hajawahi kuonja hata tone, angejuaje? Angekunywa, angesema alhamdulillahi, angerudi Kisauni na moyo mweupe. Alichokitaka Kafedha kilikuwa mkononi mwake. Katana alimwona usoni, akajua, akamkonyeza: mpe.

Kafedha akameza.

"Limeuma," akasema. "Si lako tena."

"Dada!" Katana akaruka, goti likamrudisha chini. "Limeuma kidogo tu!"

"Kidogo ni kwako wewe. Sitamtapeli mgeni kwa mkono wangu. Jana nilimkasirikia mtu kwa kubadilisha kinywaji cha watu, leo nikibadilishe mimi?"

Yeslam akafuta miwani yake. "Basi, mama, tukae tu hivi hivi. Nimekuja, inatosha."

"Haitoshi hata kidogo. Kitsao!"

"Naam!" Kitsao akaitika kutoka kivulini, kwa sauti ya mtu anayejua anachotakiwa. "Dada, nimetoka kugema sasa hivi. Huko juu hakuna kitu. Linadondoka kama pua ya mtoto."

"Panda."

"Jua limekaa utosini!"

"Nalo halijawahi kukukataza kushuka. Panda."

Kitsao akapanda, akinung'unika mpaka juu, na kila kipande cha manung'uniko kikawaangukia waliokaa chini. Akashuka na kibuyu ambacho ukikitikisa husikii kitu. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na maji meupe ya kulowesha kiganja. Kafedha akadondoshea mchangani tone moja la wazee waliotangulia, kisha akaonja.

"Tamu," akasema. "Kunywa upesi, lisije likatusikia."

Yeslam akashika kibuyu kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akainua. Kilichobaki kilikuwa funda moja na nusu. Alifumba macho.

"Haya, mwandishi," Karisa akasema, "likoje?"

"Kama dafu lililopelekwa shule," Yeslam akasema, na wote wakacheka, na safari hii hakumtazama mtu.

Kicheko kile ndicho kilichomleta hedmani Nguma. Alikuwa ametoka kanisani, ana koti la Jumapili, na nyuma yake askari mmoja mwenye usingizi.

"Kafedha! Kibali chako kinasema kuuza ni baada ya alasiri. Nini hiki?"

"Nani ameuza, bwana? Mgeni amekaribishwa. Hata wewe karibu, ingawa tumekimaliza."

Nguma akaikodolea macho kanzu ya Yeslam. "Wewe si yule wa gazeti?"

"Nilikuwa. Mpaka asubuhi hii." Akamgeukia Kafedha. "Hilo ndilo Bwana Barakat alilonishauri, mama. Nikija hapa nisirudi kule."

Kafedha akakitazama kibuyu kitupu, kisha akamtazama kijana aliyekilipia kwa ukurasa mzima wa tatu.

"Na jina?" akamwuliza.

"Wamebaki nalo. Watamtafuta wa kulivaa."

"Litamchoma," Kafedha akasema.

"Nitapeleka habari ofisini kesho," Nguma akasema, maana aliona amesahauliwa. "Kibali hiki kitatazamwa upya. Nitaeleza yote niliyoyaona hapa."

Kafedha akasimama. Hakuwa mrefu, lakini alisimama mzima.

"Peleka, bwana. Nikinyang'anywa kibali nitauza mahamri, na hayo nayo nitayaumulia kwa tembo. Lakini ukifika ofisini eleza kama ulivyokuta. Useme mwandishi alitoka Kisauni kwa miguu akaja kunywa tembo la Kafedha, Magongo. Nikisikia umesema chai, nitakuja mwenyewe pale mezani nikusahihishe mbele ya yule bibi, na safari hii utamtafsiria neno kwa neno."

Askari akacheka, akajifanya anakohoa. Nguma akavuta koti lake lifunge, likakataa, akaondoka akiwa ameliacha wazi.

Kafedha akavuta kigoda chake mpaka mbele ya Yeslam, magoti kwa magoti, akakaa.

"Koo likoje?"

"Limelowa, mama."

"Vizuri. Sasa nyamaza, bwana wangu, unisikilize. Tuanzie Rabai, nilipokuwa mtoto, siku baba yangu alipokuja kunitoa shule."

Katana akafungua kinywa kuuliza kitu. Yeslam akamnyoshea kidole, bila kugeuka, naye Katana akanyamaza.